Mchoro Unaokubali Kusahihishwa

Maneno ya mwanadamu yana bahati ambayo picha zake aghalabu hazina. Neno lililosemwa kwa makosa laweza kurudishwa kwa neno jingine, na sentensi iliyoandikwa vibaya hufutwa ikaandikwa upya. Picha, ikisha kukauka, hudumu na kosa lake. Ndiyo maana wachoraji wa zamani waliuheshimu wembe sawa na kalamu. Kwa kalamu walichora; kwa wembe walitubu.

Kaskazini ya Dar es Salaam, katika Kinondoni, kuna mahali paitwapo Wazo. Mlima wake ni wa mawe ya chokaa, na tangu miaka ya 1960 mawe hayo yanachimbwa, yanachomwa na kusagwa kuwa saruji. Saruji hiyo imekwenda kujenga nyumba za mji, na nyumba za mji zimerudi kuuzunguka mlima. Tegeta, Salasala, Madale na Bunju, ambako zamani palikuwa na mashamba na vichaka, leo pana kuta, paa na sakafu. Ardhi iliyokuwa ikinywa mvua imefunikwa kinywa. Maji yasiyopata pa kuzama hutafuta njia ya bondeni, na bondeni nako watu wamekwisha kujenga.

Wakazi wa sehemu hizo hawahitaji kuelezwa mafuriko ni kitu gani. Mwezi wa Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha Dar es Salaam, watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha, na mwanzoni mwa mwaka 2012 baadhi ya waliohamishwa kutoka bonde la Msimbazi walipewa viwanja Mabwepande, upande huo huo wa Bunju. Hivyo kaskazini ya mji imepokea maji ya mbinguni, ikapokea na wakimbizi wa maji.

Katika kiunga hicho cha Wazo aliishi binti mmoja, mwanafunzi wa chuo, nyumbani kwa mjomba wake. Mjomba alikuwa amestaafu kazi ya uchoraji wa ramani katika ofisi ya upimaji. Alikuwa mtu wa maneno machache na macho makali. Juu ya kabati lake palikuwa na bomba la bati lenye karatasi nyembamba zinazopenya mwanga, na ndani ya sanduku la mbao palikuwa na kalamu za wino mweusi, rula, na nyembe zilizofungwa katika kitambaa. Mpwa wake alifanya kazi kama yake kwa vyombo vingine. Alikuwa akitumia programu ya uigaji, yaani programu inayojenga ndani ya kompyuta mfano wa kitu cha kweli, kikaachwa kiende kama kitu cha kweli kiendavyo. Aliipa programu hiyo miinuko ya ardhi ya bonde la Mto Tegeta, akaipa mvua ya kubuni, na kompyuta ikayatembeza maji mraba kwa mraba hata yakaonekana yatafika wapi na kwa kina gani.

Kazi ya namna hii si ngeni Dar es Salaam. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi walishirikiana na wakazi wa Tandale kuichora mitaa yao katika ramani ya OpenStreetMap, na kuanzia mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwapeleka wanafunzi wa vyuo katika kata nyingi zilizo hatarini, wakapima mitaro, njia na nyumba. Ramani zao zina sifa moja inayohusu habari hii. Hazikuhifadhiwa kama picha. Nyumba ni nukta za pembe zake. Njia ni mfululizo wa nukta. Jina ni jina. Yeyote aliyeona kosa aliweza kuligusa kosa hilo peke yake, bila kuharibu yaliyo sahihi.

Yule binti, kwa haraka ya vijana, hakuifikiria sifa hiyo. Modeli yake ilipomaliza hesabu, alibonyeza mahali pa kuhifadhi picha, akapokea kile alichopewa: ramani ya rangi, maji kwa samawati, mpaka wa mafuriko kwa mstari mwekundu, na maneno yote kwa Kiingereza kama yalivyotoka katika programu. Aliichapa, akaipeleka katika mkutano wa mtaa, akaibandika ukutani.

Watu waliitazama kwa adabu. Wengi hawakuuliza, kwa kuwa mtu huona haya kuuliza mbele ya elimu. Bibi mmoja, ambaye nyumba yake ilikuwa karibu na bonde, alijongea akaweka kidole juu ya ufunguo wa ramani.

"Mjukuu wangu, hapa pameandikwa nini?"

"Bibi, pameandikwa mafuriko ya miaka 100."

"Alhamdulillahi," alisema bibi. "Basi mimi na wanangu tumesalimika. Hayo ni ya vitukuu."

Watu walicheka kwa faraja, na mkutano ukaendelea na habari ya taka.

Binti alirudi nyumbani kimya. Alikuwa amekwenda kuwatahadharisha watu, naye amewapa ruhusa ya kulala. Wataalamu wanaposema mafuriko ya miaka 100 hawasemi kwamba maji yatangoja miaka 100. Husema kwamba kila mwaka pana nafasi 1 katika 100 ya maji kufikia kiwango hicho au kukipita. Mwaka wa leo una nafasi hiyo, na mwaka wa kesho vile vile, hata ikiwa maji yalikuja jana. Aishiye mahali hapo miaka 30 ana karibu nafasi 26 katika 100 ya kuyaona. Aishiye miaka 70 ana nafasi inayozidi nusu kidogo. Neno la kitaalamu lilikuwa limefasiriwa kwa uaminifu, na kwa uaminifu huo likawa uongo.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umeanguka?"

Alimsimulia yote. Mjomba aliomba kuiona ramani, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza swali moja: "Maneno haya yanabanduka?"

Hayakubanduka. Picha ile ilikuwa imehifadhiwa kwa nukta za rangi, namna ambayo wataalamu huiita rasta. Kompyuta ilikuwa imeigawa karatasi kuwa vijiraba 800 kwa upana na 600 kwa urefu, jumla 480,000, ikakumbuka rangi ya kila kijiraba, na haikukumbuka kitu kingine. Katika kumbukumbu hiyo hapakuwa na mto, wala mpaka, wala neno. Palikuwa na madoa meusi ambayo jicho la mtu huyasoma kama neno. Kulibadilisha neno kungehitaji kulipaka rangi juu yake na kuipaka vile vile ramani iliyokuwa chini yake. Tena picha hiyo ilikuwa na kasoro ya pili. Wapiga chapa wa majarida ya elimu huomba aghalabu nukta 300 kwa kila inchi. Kwa kipimo hicho nukta 800 hazitoshi hata upana wa sentimita 7. Ikitanuliwa kupita hapo, mistari yake huota meno kama msumeno.

Iko namna nyingine ya kuitunza picha, nayo huitwa vekta. Humo kompyuta haikumbuki rangi ya kila mahali. Hukumbuka amri za kuchora. Duara ni tarakimu tatu: mbili za mahali pa kitovu na moja ya nusu kipenyo. Mstari ni mwanzo na mwisho wake. Mkunjo huongozwa na nukta chache zinazouvuta huku na huku, kwa hesabu ambayo Paul de Casteljau wa Citroën na Pierre Bézier wa Renault waliitafuta kila mmoja kwa njia yake, huko Ufaransa, ili kuchora maungo ya magari, kati ya mwisho wa miaka ya 1950 na miaka ya 1960. Mwaka 1963 Ivan Sutherland alionyesha Marekani programu yake ya Sketchpad, ambamo mtu aliweza kuchora kwa kalamu ya mwanga juu ya kioo na kisha kukisogeza kitu alichokichora. Baadaye zikaja lugha za kuandikia michoro hiyo: PostScript mwaka 1984, PDF mwaka 1993, na SVG, iliyopitishwa mwaka 2001, ambayo hata mtu aweza kuifungua kama barua na kuisoma amri baada ya amri. Picha ya namna hiyo hutanuliwa kama khanga au ukuta wa nyumba bila kuota meno, kwa sababu kila mara huchorwa upya.

Siku ya pili binti alikwenda chuoni, akaifungua modeli yake, akaitoa picha kwa umbo la SVG. Alidhani amemaliza. Alipoifungua katika programu ya kuchorea aligusa neno la kwanza, neno likakataa. Herufi zilionekana kuwa herufi, lakini zilikuwa zimegeuzwa kuwa maumbo matupu, mzingo wa "a" na mzingo wa "b", kama jina lililochongwa katika jiwe. Programu nyingi hufanya hivyo kwa nia njema. Kompyuta ya msomaji huenda haina aina ile ya herufi, na herufi zikigeuzwa kuwa maumbo, picha haitageuka sura popote iendapo. Hasara yake ni kwamba neno hupata mwili na kupoteza roho. Halitafutiki, halisomeki kwa mashine inayomsomea kipofu, wala halifasiriki.

Alirudi katika mipangilio, akachagua maneno yabaki maneno. Yakabaki. Likaja tatizo la tatu. Modeli iligawa bonde katika safu 400 za miraba 500, na programu iliuchora kila mraba kama umbo peke yake. Maumbo 200,000 yalipofunguliwa pamoja, kompyuta ya chuo ilisimama kama punda aliyezidiwa na mzigo. Hapo ndipo alipojifunza kwamba katika kazi hii hakuna mtakatifu na mwenye dhambi. Rangi ya maji, inayobadilika mraba kwa mraba, alistahili kuiacha iwe nukta. Mistari, mipaka na maneno, ambavyo ndivyo macho husoma na mikono husahihisha, aliviacha viwe vekta. Faili ikawa nyepesi, na kila kilichohitaji kuguswa kikagusika.

Sasa alikuwa huru kubadilisha maneno, akagundua kwamba hakuwa na maneno. "Mafuriko ya miaka 100" lilikuwa limefutwa. Nini kiandikwe mahali pake? Aliandika "kipindi cha marejeo", akalifuta, kwa kuwa nalo lafanana na ahadi ya mgeni atakayerudi siku fulani. Aliandika "uwezekano wa asilimia 1", akaona linafaa darasani na halifai barazani. Jioni alimwuliza mjomba.

Mjomba alifikiri. "Chukua mfuko," alisema, "utie shanga 100, nyeusi 99 na nyekundu moja. Kila mwaka mtu atie mkono bila kutazama, atoe moja. Akitoa nyekundu, maji yanafika mlangoni. Halafu airudishe ndani."

"Airudishe hata ile nyekundu?"

"Airudishe. Hapo ndipo watu wanapokosea. Wanadhani mwaka ukipita salama, mfuko unapungua."

Basi chini ya ramani binti alichora duara moja, akalinakili mara 99, akaipaka moja rangi nyekundu, na kando yake akaandika kwa Kiswahili: Kila mwaka, nafasi 1 katika 100 ya maji kufika katika mstari huu. Mwaka uliopita salama haupunguzi nafasi hiyo. Aliandika pia majina ya njia kama wakazi wenyewe wayatamkavyo, akaondoa yale yaliyokuwa yameandikwa na mtu asiyewahi kuyasikia.

Habari za ramani mpya zilienea. Siku ya nne alifika mtu mmoja, dalali wa viwanja, kijana mpole mwenye salamu nyingi. Alikuwa na kiwanja cha kuuza karibu na bonde, na mstari mwekundu ulipita katikati yake.

"Mdogo wangu," alisema, "nasikia siku hizi mchoro wako unabadilika. Mstari huo si wa chuma. Usogeze kidogo tu, upana wa kidole. Hakuna atakayeona, na chai yako ipo."

Binti alisema atafikiri, jibu ambalo alilionea haya baadaye. Mgeni alipoondoka, alifungua kompyuta, akaugusa mstari ule. Ulijibu mara moja. Nukta zake ziliwaka, tayari kuvutwa. Juma lililopita alikuwa akihuzunika kwa sababu picha yake haibadiliki; sasa aliogopa kwa sababu inabadilika upesi hivyo. Kwa mwendo ule ule wa mkono uliowapa watu neno la kweli, angeweza kuwanyima mpaka wa kweli, na mchoro usingeonyesha kovu lolote.

Alimweleza mjomba. Mzee hakukasirika. Alilishusha bomba la bati, akatandaza mezani karatasi moja ya kale, akaiinua mbele ya taa. Mahali palipokwanguliwa kwa wembe palionekana. Karatasi ilikuwa nyembamba zaidi hapo, na mwanga ulipita kwa wingi. Kisha akaonyesha pembe ya chini upande wa kulia, palipokuwa na jedwali dogo: namba ya sahihisho, tarehe, kilichobadilishwa, na herufi za jina la aliyebadilisha.

"Sisi tulikuwa na wembe kila siku," alisema. "Wembe unakwangua kosa, na wembe huo huo unakwangua kweli. Hatukuutupa. Tuliandika hapa kila tulipoutumia. Na mpaka wa kiwanja hatukuusogeza mezani hata siku moja. Ukitaka usogee, rudi shambani ukapime."

Maneno hayo yalimpa binti kanuni aliyokuwa akiihitaji. Maneno, rangi, unene wa mistari na mahali pa ufunguo ni vazi la mchoro, na vazi hubadilishwa kwa mkono. Mpaka wa maji ni mwili wake. Huo haubadilishwi ila kwa kurudi katika modeli: kwa kipimo kipya cha ardhi, au mvua mpya, au kosa la hesabu lililogunduliwa, kisha picha itolewe tena. Pembeni mwa ramani yake alichora jedwali kama la mjomba, akaandika chanzo cha vipimo, tarehe ya hesabu, na kila alichokibadilisha kwa mkono. Pamoja na mchoro aliweka faili ya tarakimu zenyewe, ili mwenye shaka aweze kuuchora mstari kwa mkono wake na kuulinganisha. Dalali alipigiwa simu akaambiwa kwamba mstari utasogea siku ardhi itakapopimwa upya na kuonekana imeinuka.

Wako wanaosema kwamba ni salama zaidi picha za elimu zitolewe kwa namna isiyoguswa, ili walaghai wasipate pa kushika. Hoja hiyo ina sura nzuri na miguu dhaifu. Picha ya nukta nayo hupakwa juu, na mwenye nia mbaya hachoki kupaka. Anayezuiwa na kufuli hilo ni mwaminifu: mfasiri anayetaka kuandika "kina cha maji" mahali pa neno la kigeni, mwalimu anayetaka herufi kubwa kwa wanafunzi wenye macho mabovu, mtafiti wa miaka 20 ijayo aliyeona kosa. Vitabu vingi vya Kiswahili vimelipa faini ya kufuli hilo. Maandishi yake ni ya Kiswahili safi, na picha zake zinasema Kiingereza, kwa sababu picha zilikuja zimefungwa na hapakuwa na fedha za kuzichora upya. Msomaji hufundishwa kwa lugha yake hadi anapofika mahali penye jambo lenyewe, na hapo huachwa peke yake.

Mkutano wa pili ulifanyika kabla ya masika. Ramani ilibandikwa ukutani, kubwa kama mkeka, na meno hayakuonekana popote. Bibi yule alikuja tena mbele, akazihesabu shanga kwa kidole, safu kwa safu, mpaka akaifikia nyekundu.

"Na ikitoka, inarudishwa mfukoni?"

"Inarudishwa, Bibi."

Hakucheka mara hii. Alisimama kitambo, kisha akamgeukia mwenyekiti wa mtaa akauliza mtaro wa nyuma ya nyumba yake utazibuliwa lini. Wengine wakauliza ya mitaro yao. Mkutano ulikwisha jua limekuchwa, na majibu ya mwenyekiti hayakuwaridhisha wote.

Kiwanja cha dalali kiliuzwa hata hivyo, kwa mtu ambaye hakuhudhuria. Mchoro wa kweli hauna mikono ya kumzuia anayenunua akiwa amefumba macho. Ila hautakuwa shahidi wa aliyemwuzia. Karatasi ya mjomba ilirudi katika bomba lake. Ramani ya mpwa wake ilibaki ukutani, na katika jedwali la pembeni palikuwa na safu tano tupu, zikingoja masahihisho ambayo bonde, kwa kadiri nyumba zinavyoongezeka, bila shaka litayadai.